Ruzuku ya mbolea: jina ni la mkulima, je, malipo yanaingia mfuko wa nani?

Mkulima wa Jumamosi (mleta uzi)

Assalaam alaykum na habari za jioni, wakuu.

Mimi ni mwajiriwa wa hapa Tanga mjini, na kila Jumamosi alfajiri hupanda basi kwenda Muheza, ambako nina ekari tatu alizoniachia marehemu baba: mbili za mahindi na moja ya mihogo. Nimeandikishwa katika daftari la wakulima kwa ekari hizo, na namba yangu ya ruzuku naitunza kwenye simu kama ninavyotunza namba ya siri ya benki.

Masika iliyopita nilinunua kwa wakala mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, nikapanda, na mvua zikanyesha vizuri. Ilipofika wiki ya nne hivi nilirudi kutafuta mbolea ya kukuzia. Wakala aliingiza namba yangu, akatazama kioo cha simu, akanitazama usoni, kisha akanigeuzia simu nisome mwenyewe. Mgao wangu ulikuwa umekwisha. Kwa mujibu wa mfumo nilikuwa nimekwishachukua mifuko yangu yote, na mifuko hiyo mimi sikupata hata kuinusa. Aliniuliza kwa upole kama sikumtuma kijana wangu. Kijana wangu yuko Dodoma chuoni, na hata mbolea ya kupandia na ya kukuzia hajui kuzitofautisha. Nilinunua mfuko mmoja kwa bei ya soko, nikaugawa kwenye ekari moja, na ile ya pili nikaiacha ijitafutie riziki. Majani yake ya chini yalianza kugeuka manjano kutoka ncha, yakifuata mshipa wa kati kuelekea kwenye shina, hadi mpita njia aliweza kuona mpaka wa umaskini wangu ulipo.

Nilikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji hakunijibu vibaya, alinivutia kiti, akanipa pole, kisha akasema neno ambalo ndilo limenifanya nianzishe uzi huu: "Mzee wangu, orodha ya waliochukua ipo kwenye mfumo." Nikamuuliza mfumo wenyewe uko wapi. Akanyoosha kidole juu, kama mtu anayeonyesha mvua inakotokea.

Ukutani nyuma yake palikuwa na matangazo matatu: chanjo ya kuku, ratiba ya kliniki ya watoto, na orodha ya waliochangia ujenzi wa darasa, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, mpaka yule aliyetoa 500. Nikajiuliza imekuwaje kijiji kinachojua nani ametoa shilingi 500 kisijue nani amepokea punguzo la Serikali la makumi ya maelfu.

Kwa wasiolima, nieleze utaratibu. Bei ya mbolea ilipopaa duniani, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ajili ya ruzuku, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane. Mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) au Urea (ya kukuzia), ambao sokoni ulikuwa umepita shilingi 120,000, ulipangiwa bei ya mkulima ya shilingi 70,000. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Mkulima huandikishwa pamoja na ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, huenda kwa wakala aliyesajiliwa na kulipa bei iliyopunguzwa. Wakala huingiza mauzo hayo kwenye mfumo kwa kuskani msimbo ulio juu ya mfuko, na tofauti ya bei Serikali huilipa kwa kampuni iliyoleta mbolea.

Naomba msiisome haraka hiyo sentensi ya mwisho. Mkulima hapewi hata senti mkononi. Kila mfuko wenye ruzuku una wapokeaji wawili, mmoja anayepokea punguzo na mwingine anayepokea fedha za Hazina, na yule wa pili analipwa kwa ushahidi wa jina la yule wa kwanza. Jina langu likitumika bila mimi kujua, mahali fulani kuna madai ya malipo yaliyojengwa juu yake. Ndiyo maana nasema zinahitajika orodha mbili zilizo wazi: ya wakulima walionunua, ibandikwe kijijini, na ya kampuni zilizolipwa, itangazwe kwa nchi nzima pamoja na kiasi. Jumla za kitaifa tunatangaziwa kila msimu, na sizidharau, lakini jumla haina jirani wa kuikanusha.

Mtu wa Pongwe

Pole sana, ndugu mleta uzi. Hata hivyo naona umekuza jambo. Umeibiwa na mtu mmoja mwenye tamaa, na dawa yake ni kwenda polisi au kwa TFRA wenyewe. Kubandika majina ya kijiji kizima kwa ajili ya mwizi mmoja ni sawa na kuchoma shamba ili kumfukuza ngedere.

Duka la Kona, Korogwe

Mimi ni wakala wa pembejeo, na najua kwamba katika mada kama hii sisi ndio tunaotiwa kitanzi kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo naomba mnivumilie nikirefusha maelezo.

Mtandao wetu haupatikani muda wote. Siku ya gulio, wakulima wakiwa wamejaa mlangoni na mvua imekwisha kukaribia, mtandao ukikatika wakala ana njia mbili. Anaweza kuwaambia watu warudi kesho, wakiwemo waliolipa nauli ya bodaboda kutoka milimani, au anaweza kuandika namba zao kwenye daftari na kuziingiza usiku mtandao utakaporudi. Wengi huchagua njia ya pili kwa huruma, na mimi nimewahi kuichagua. Lakini daftari hilo ndilo mlango wa wizi. Wakala mwenye namba 60 za watu mezani, usiku, peke yake, hana wa kumwuliza kama mteja alichukua mfuko mmoja au mitatu. Simtetei aliyekufanyia hivyo. Nakuonyesha tundu alikopitia.

Upande wa pili nao usifichwe. Uandikishaji hutegemea maelezo ya mkulima mwenyewe, ambayo uongozi wa kijiji huyathibitisha, na wapo watu wenye ekari mbili walioandika kumi. Mfuko unaozidi mahitaji ya shamba lazima utafute mnunuzi, na mkoa wetu unapakana na Kenya. Si lazima niwaeleze mfuko wa bei nafuu unavutwa upande gani ukishafika karibu na Horohoro. Wapo pia wanaouza namba zao kwa fedha ya sukari, halafu msimu ukichanganya wanakuja dukani kulalamika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kuhusu orodha ya pili naunga mkono bila masharti. Malipo ya juu yakichelewa, mnyororo wote unakaza hadi kwangu: msambazaji ananipa mzigo mdogo, nami namwambia mkulima mbolea imekwisha, naye anaamini nimeificha. Laiti ingetangazwa kwamba kampuni fulani imedai kiasi fulani, imelipwa kiasi fulani tarehe fulani, ningekuwa nampa mteja jibu la kweli badala ya kuapa.

Mkulima wa Jumamosi (mleta uzi)

Nashukuru, Duka la Kona. Hilo daftari la usiku sikulijua.

Kwa mtu wa Pongwe: suala hili si la Muheza peke yake, na wapo waliokwisha kulipitia wakiwa na fedha nyingi kuliko sisi. Sera ya Pamoja ya Kilimo ya Ulaya, inayowalipa wakulima ruzuku, ilianza mwaka 1962, na hadi leo hula takriban theluthi moja ya bajeti ya Umoja wa Ulaya. Kwa miongo mingi walipakodi walikuwa wakiambiwa kwamba fedha hizo zinamwokoa mkulima mdogo. Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulazimika kutoa majina ya wapokeaji, mwaka 2004; mwaka uliofuata waandishi na wanaharakati wakaanzisha tovuti ya Farmsubsidy.org ili kukusanya orodha za nchi mbalimbali mahali pamoja. Uingereza ilipofungua orodha yake mwaka 2005, watu walikuta humo Malkia Elizabeth II, Duke wa Westminster ambaye alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo, na kampuni ya sukari ya Tate & Lyle ikiwa karibu na kilele. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Malipo mengi yalikuwa yanafuata ukubwa wa ardhi au wingi wa bidhaa, na anayefuata hesabu hiyo hafiki kwa maskini. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huko Ulaya huenda kwa asilimia 20 ya wapokeaji.

Marekani hali kadhalika. Shirika la Environmental Working Group liliweka orodha ya wapokeaji kwenye intaneti mwaka 2001, na mwaka 2006 gazeti la Washington Post likaonyesha kwamba tangu mwaka 2000 angalau dola bilioni 1.3 zilikuwa zimelipwa kwa watu wasiolima kabisa. Kilichonikaa kichwani ni habari ya wenye nyumba huko Texas waliokuwa wakilipwa ruzuku ya mpunga kwa sababu viwanja vyao zamani vilikuwa mashamba ya mpunga. Mtu anakata majani ya bustani yake kwa mashine, na posta inamletea hundi ya mpunga.

Karibu zaidi na nyumbani, Malawi mwaka 2022 ilibainika kwamba malipo ya awali ya mbolea ya ruzuku, zaidi ya dola 700,000, yalikwenda kwa kampuni ya Uingereza ambayo biashara yake ni nyama. Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alimfuta kazi waziri wa kilimo. Nawauliza: katika sakata hilo daftari la wakulima lingesaidia nini? Wizi ulikuwa ghorofa ya juu, na ndiyo maana nikasema orodha ni mbili.

Wakili wa Chuda

Ndugu zangu, mleta uzi ametupeleka Ulaya lakini amerudi katikati ya safari, kwa hiyo naomba niimalizie.

Wakulima wa jimbo la Hessen, Ujerumani, walikwenda mahakamani kupinga majina yao kutangazwa, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikakubaliana nao kwa sehemu. Haikusema kwamba uwazi ni kosa. Ilisema kwamba kumtangaza kila mtu binafsi, aliyepokea kidogo sawa na aliyepokea mamilioni, bila kupima kiasi wala muda wa msaada, ni kuingilia faragha kuliko inavyohitajika. Kampuni hazikupata nafuu hiyo kwa kiwango sawa. Mwaka 2013 sheria ikaandikwa upya: majina yakarudi, ila wapokeaji wadogo, wenye euro 1,250 au pungufu, hutajwa bila majina, na taarifa hukaa hadharani kwa miaka 2.

Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fikirieni orodha yenye jina, namba ya simu, ekari na mifuko ya kila mjane wa kijiji, imebandikwa mlangoni na kupigwa picha na kila mpita njia. Matapeli wa "tuma kwa namba hii" hawatahitaji kazi nyingine msimu mzima. Kwa hiyo ningependekeza orodha ya kijiji iwe na jina, kitongoji na idadi ya mifuko iliyochukuliwa. Simu na namba ya ruzuku zisitoke nje ya mfumo. Kampuni zinazolipwa na Hazina zitajwe waziwazi, kwani mfanyabiashara anayelipwa kwa fedha za umma hana faragha ya mjane.

Tena mnasahau kwamba sheria ya kuomba tayari tunayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuandika barua kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Nimeishi mjini hapa miaka mingi, na idadi ya watu niliowaona wakiitumia naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kikabaki.

Bibi wa Mombo

Wanangu, shikamooni hamjanipa, lakini nawasamehe kwa kuwa mko mbali.

Wakati wa vocha za pembejeo nilikuwa Same, kwa marehemu mume wangu. Zile vocha zilianza msimu wa 2008/09, zikibeba nusu ya bei ya mbolea na mbegu, na utaratibu ulikuwa mzuri kuusikia: kamati ya vocha ya kijiji ichaguliwe na mkutano mkuu, wanaume watatu na wanawake watatu, na wapewe kipaumbele wanawake wenye kaya na wale ambao kwa miaka hawajatumia pembejeo. Majina tulibandikiwa kwenye mlango wa ofisi. Tuliyasoma. La mwenyekiti lilikuwepo, la mke wa mjumbe lilikuwepo, na la mwalimu aliyekuwa na duka lilikuwepo. Tulitazamana, tukaenda zetu nyumbani. Nani angesema, wakati huyo huyo ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho mwanao akitaka kwenda kusoma?

Baadaye sana mjukuu wangu alinisomea kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na wataalamu wa uchumi Lei Pan na Luc Christiaensen, waliochunguza vocha hizo huko huko Kilimanjaro, wakakuta takriban asilimia 60 zilikwenda kwa viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Nilicheka. Sisi tulilijua hilo tukiwa tumesimama mlangoni, hatukuwa na hiyo asilimia tu.

Kwa hiyo, mwanangu wa Jumamosi, orodha ukutani naitaka, ila nakuambia ukuta hausemi. Na lipo jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa. Hapa Mombo mpunga tunaupanda sisi wanawake, tunaupalilia sisi, ndege tunawafukuza sisi tangu alfajiri, lakini anayeandikishwa ni yule ambaye shamba ni lake, naye mara nyingi ni mume, au shemeji, au mtoto wa kiume aliyehamia Dar es Salaam. Ujumbe wa ruzuku unaingia kwenye simu yake Mbagala. Mbolea ikifika shambani ni kwa hisani yake. Ukibandika orodha hiyo, itakuwa safi kabisa, kila jina la mtu halali, na asilani hutamwona humo anayelima.

Mtu wa Pongwe

Shikamoo, Bibi. Nimerudi kusoma tena, na nakiri kwamba la Malawi sikulijua. Ila bado nina shaka na ukuta, na Bibi amenisaidia kuieleza shaka hiyo kuliko nilivyoieleza mwenyewe.

Mkulima wa Jumamosi (mleta uzi)

Shikamoo, Bibi, na utuwie radhi. Neno lako kuhusu anayeandikishwa sina jibu lake, na sitajifanya ninalo. Nilikuwa nabishana kuhusu orodha ionekane na nani, wewe umeuliza orodha inamwona nani.

Kuhusu ukuta usiosema, nadhani ipo tofauti moja. Mlango wenu kule Same ulionyesha waliopewa, na uliyekosa ulikuwa unamshitaki mkubwa kwa upendeleo. Jambo hilo ni zito na halina ushahidi. Orodha ninayoitaka mimi inaonyesha kilichoandikwa kwamba umechukua. Anayeipinga anasema habari za nafsi yake tu: "Hapa imeandikwa mitatu, mimi nilibeba mmoja." Hilo hata mwoga anaweza kulitamka, nami ni mmoja wao.

Sasa mrejesho, kwa waliouliza. Barua nimeiandika kwa kufuata sheria aliyoitaja Wakili wa Chuda, nikaipeleka mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Nimeomba mambo mawili: mauzo yaliyoandikwa kwa namba yangu, pamoja na tarehe na wakala wa kila muamala, na idadi ya mifuko iliyoandikwa kwa kila mkulima wa kijiji chetu msimu uliopita, bila namba za simu. Karani aliyeipokea aliisoma mara mbili, akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nilimwambia mimi ni mwandishi wa barua.

Jumamosi iliyopita ulikuwepo mkutano wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, na baada ya mapato na matumizi kusomwa niliomba dakika tano. Nilieleza yaliyonipata bila kumtaja wakala. Mama mmoja wa nyuma akanyanyua mkono, akasema naye aliambiwa mgao umekwisha, akadhani amekosea kusikia. Kisha mzee mwingine. Mwenyekiti, ambaye nilitarajia angetufunga mdomo, alimwagiza karani alete daftari kubwa, na waliotaka wakasimama mmoja mmoja kutaja mifuko waliyonunua msimu ule. Walijiandikisha watu 37, wanawake 14. Wengine walikataa, na hakuna aliyewalazimisha.

Ukurasa huo umenakiliwa na kubandikwa pale ukutani, kando ya wachangiaji wa darasa. Una safu tatu: jina, mifuko niliyonunua, mifuko iliyomo kwenye mfumo. Safu ya tatu iko wazi kuanzia juu hadi chini. Siku 30 za barua yangu zinaisha Jumatano ijayo, na karani amefunga kalamu ya wino kwa uzi, akaining'iniza pale pale kwenye msumari.